Mazigazi ya Barabara ya Kibati

Maji yale yalikuwa yakikimbilia wapi? Swali hilo lilinishinda nikiwa mtoto, nimesimama kando ya barabara ya Rutshuru, harufu ya kibiriti ikinikereketa kooni. Volkano ilikuwa imeteremka hadi mjini Goma na kuacha jiwe jeusi mahali palipokuwa na nyumba yetu. Mvua iliponyesha, jiwe lilifuka mvuke. Jua lilipowaka, barabara upande wa kijiji cha Kibati ilijaa maji yanayometameta. Niliyafuata, yakarudi nyuma. Niliposimama, yakasimama. Nikaanza kuuliza watu. Mwalimu wa shule aliyaita miraji, akafuta ubao. Shehe wa madrasa aliyaita sarabi, akasema ndivyo dunia inavyomdanganya mwenye kiu. Bibi, mzaliwa wa Maniema, aliyaita mazigazi, akanionya nisiyatazame sana, maana roho za waovu hukaa ndani ya mlima ule na huenda zilishuka pamoja na moto. Nilipata majina matatu bila jibu hata moja. Tangu siku hizo simwamini mtu anayenipa neno ninapomwomba sababu.

Kilichotuweka pale barabarani hakikuwa maji, bali baba. Alikuwa dereva wa lori. Alikwenda Rutshuru kupakia maharagwe kabla mlima haujapasuka, waasi wakaifunga njia nyuma yake. Hakujua kwamba hatukuwa na nyumba tena. Mama alikataa kukaa kwa ndugu zetu mtaani Himbi, karibu na ziwa. Alifunga turubai pale njia inapoingia mjini, ili baba akipita atuone. "Akikuta jiwe juu ya nyumba, atafikiri tuko chini yake," alisema. Kwa hiyo tulikaa, tukila vumbi na uvumi. Siku hizo kila mtu alimshuku mwenzake. Muuza sabuni aliyeuliza maswali alikuwa mpelelezi. Asiyeuliza alikuwa mpelelezi zaidi. Asubuhi tuliambiwa waasi wako mbali, mchana wako Kibati, jioni wamekwisha kufa wote. Nilipolalamika, Bibi alinijibu kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Niliichukia methali ile, maana ilimpa kila mwongo ushindi wa mapema.

Adhuhuri moja, Papa Musavuli, jirani yetu mfanyabiashara kutoka Butembo, alipiga ukelele. Juu ya maji yale walikuwa wakija watu warefu wasio na miguu, majani yakitikisika vichwani mwao. Kwetu kila mtoto alijua ni nani hujifunga majani kichwani: wapiganaji wanaotoka msituni. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Masufuria yaliachwa yakichemka, watu wakaanza kukimbilia mpakani.

"Mama Asha, beba batoto, twende!" alipaza sauti Papa Musavuli, godoro kichwani. "Unangoja bakuje kukusalimia?"

Mama alikuwa tayari amemfunga mdogo wangu mgongoni. Nilimvuta kitenge. "Mama, mutu akitembea, kichwa kinapanda, kinashuka. Bale banateleza tu."

"Wee mutoto! Hata risasi inateleza," akanidhihaki Papa Musavuli, akaenda zake.

Mama aliniinamia. "Uko na hakika?"

"Hapana. Lakini angalia vichwa."

Aliangalia. Bibi alikuwa akisoma dua kwa sauti ya chini, na njia nyuma yetu ilikuwa imebaki tupu. Tukiondoka, baba angekuta jiwe. Tukikaa, huenda tungekuwa wa kwanza kukutwa. Mama alitazama hadi machozi yakamtoka kwa ule mng'ao, kisha akaketi juu ya debe, mtoto akiwa bado mgongoni.

Watu wale waliposogea, maji yalikauka chini yao. Zikajitokeza chukudu, zile baiskeli zetu za mbao zisizo na pedali, kila moja imebeba magunia ya makaa yaliyozibwa midomo kwa majani. Nyuma ya ile ya mwisho, akisukuma mbio, uso umepakwa vumbi jeusi, alikuwa baba. Lori lilibaki Rutshuru, naye akajiunga na wasafirisha makaa. "Munakimbia makaa?" aliwauliza majirani waliokuwa wakirudi mmoja mmoja. "Hata haijawaka!" Wote walicheka isipokuwa mama. Alimshika baba kifundo cha mkono, akakibonyeza kama anayetafuta mfupa.

Leo jibu la swali langu ninalo, nililipata chuo kikuu. Hewa iliyogusa lami huwa na joto kuliko ile ya juu yake, mwanga ukipita humo hupinda, na jicho huona kipande cha mbingu kikiwa kimelala barabarani. Mbingu ni ya kweli. Mahali ndipo pa uongo. Goma imejengwa upya juu ya jiwe lilelile na kwa jiwe lilelile, waasi wamebadilisha majina, na uvumi siku hizi hufika kwenye simu ukiwa na picha. Kwa miaka mingi nimewasimulia wenzangu kisa cha makaa kila nilipotaka kuwaonyesha kwamba hofu ni kipofu, nao walikubali. Kisha, kwenye matanga ya baba, mzee mmoja aliyesukuma chukudu pamoja naye siku ile alinieleza kwa nini walikuja mbio vile. Wapiganaji walikuwa nyuma yao, na baba aliwaomba wenzake wasituambie, tusije tukaingiwa na hofu. Wapiganaji hao walifika Kibati mchana uleule, wakageuka. Kwa nini waligeuka, hata yeye hakujua.