Shamba Lililochorwa kwa Miraba

Mwaka tulioishi Bweremana nilicheza michezo mitatu ya kompyuta hadi mwisho, na hakuna hata mmoja ulionifurahisha kama nilivyotaka unifurahishe. Yote ilikuwa ya aina moja: michezo mipya, kazi ya mtu mmoja au wawili, lakini iliyofanywa ionekane ya zamani, picha zake nukta kubwa za mraba, muziki wake ukilia kama saa ya bei rahisi. Rafiki niliyesoma naye chuo kikuu Goma aliniletea ndani ya flashi, kwa sababu kompyuta yangu ilikuwa kuukuu na haikuweza kubeba kitu kizito. Tulikuwa na kikundi kwenye simu, sisi tuliomaliza masomo pamoja na kukosa kazi pamoja, na kila mmoja aliandika maoni yake juu ya mchezo alioumaliza. Mimi niliandika marefu kuliko wote.

Mama yangu hakujua lolote kuhusu hayo. Tangu tulipokimbia vita kijijini, aliwaza jambo moja tu: shamba lake la Kingi. Kwetu aliyepanda ndiye anayevuna. Mbegu ikishaingia ardhini hatolewi mtu, hata kama shamba si lake. Msimu mmoja ukipita hivyo, unavumilia. Ikipita mitatu au minne na mwenyewe hajaonekana, watu wanaanza kusahau ni la nani. Misimu miwili ilikuwa imekwisha kupita.

Nilichezea dukani, mchana, kwa sababu umeme ulikuwa huko. Mwenye duka alikuwa mfanyabiashara wa upande wa Butembo, Mkatoliki aliyesali kabla ya kufungua na baada ya kufunga, mwenye paneli za jua juu ya paa na kamio moja, lori kuukuu, iliyosafiri kila barabara ilipofunguka. Alipenda kusimama nyuma yangu.

"Kaka, ulisoma miaka yote ile juu ya kuja kuangalia hii bitu ya vipande-vipande?"

"Ni mtindo, Papa. Banaifanyaka vile kwa kupenda."

"Beko na mashini ya nguvu, kisha banachora kama mutoto wa shule ya maternele?" Alicheka hadi mteja aliyekuwa akipima chumvi akageuka. "Mimi nikikuuzisha sabuni ya kuvunjika, nikisema ni mtindo, utanunua?"

Swali lake nililipeleka kwenye kikundi kama langu. Hakuna aliyelijibu vizuri. Mimi ninashuku kwamba umaskini wa picha unampendeza yule anayeweza kuuzima na kwenda kula.

Katika mchezo wa kwanza, kimtu kidogo kinaruka kutoka jiwe hadi jiwe ndani ya pango. Kinaanguka, kinakufa, kinarudi pale pale, mpaka vidole vinauma. Wenzangu waliusifu kwa ugumu wake. Mimi niliona ugumu ule ni wa majivuno, maana kufa hakukigharimu kitu. Lakini niliandika pia, na ninalisimamia hadi leo, kwamba mchezo ule ulikuwa wa haki. Kila nilipoanguka, kosa lilikuwa langu, si la mtu mwingine. Kwa miaka kadhaa sikuwa nimepata nafasi ya kuwa na kosa langu mwenyewe.

Wa pili ulikuwa wa kuchimba madini. Unashuka, unavunja mraba mmoja baada ya mwingine, madini yanaruka yenyewe mfukoni. Muziki wake ni mzuri, nakubali. Ila mimi niliwahi kwenda Walikale wakati wa likizo, kutafuta kazi ya kuandika mizigo kwenye machimbo, na niliyoyaona huko yalikuwa migongo. Watu walitembea msituni siku mbili na mawe ndani ya mifuko, wakilipa kwenye kila kizuizi. Katika mchezo hakuna mbebaji hata mmoja. Niliuliza kwenye kikundi: nani anabeba? Mmoja akajibu: "Wee kaka, cheza, acha kufanya mémoire. Université tulishamaliza."

Wa tatu ulikuwa wa kilimo, na huo ndio ulionichosha zaidi. Shamba lake ni tambarare, limegawanywa kwa miraba iliyo sawa. Ukiliacha, linaota majani na mawe. Basi. Unarudi baada ya misimu kumi, linakungoja. Hakuna jirani mwenye jembe, wala mtu aliyekimbia kutoka kwingine akiwa na njaa. Niliuita mchezo wa watu ambao hawajawahi kuwa na shamba. Nilicheza hadi mwisho hata hivyo, siku tisa mfululizo.

Ndipo barabara ilipofunguka kidogo na habari zikafika kwamba kuna mtu anafyeka shamba la mama. Kapita, yaani mkuu wa kijiji, alimwambia kwa simu kwamba atamzuia mtu huyo kwa muda. Lakini kabla ya kupanda maharagi mama aje mwenyewe kuonyesha mipaka, au kama mguu unamsumbua, atume karatasi inayoionyesha. Mama alinigeukia kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona muda mrefu.

"Njo kazi yako hii. Chora."

Nilichukua daftari ya shuleni, ile yenye miraba midogo ya samawati, nikachora. Mraba mmoja ulikuwa hatua tano. Nilipanga mistari iliyonyooka, migomba upande mmoja, maharagi upande mwingine, kila kitu kwenye mraba wake. Sikujiuliza nilikojifunza kuona shamba namna hiyo. Mimi ninayeuliza kila kitu.

Mama aliishika karatasi kwa vidole viwili asiichafue. Hakusoma shule. Aliizungusha, akaitazama tena.

"Sioni mulima."

"Ni plan, Mama. Mulima hauandikwake."

"Aa. Njo vile bantu ba kusoma banafanyaka." Akaikunja. "Iko propre, safi."

Karatasi ilisafiri na kamio ya mwenye duka. Kule Kingi, kapita aliwaita majirani, wakapima hatua kama nilivyoandika, moja kwa moja kuteremka. Lakini shamba la mama ni jembamba juu, pana chini, na mpaka wake unazunguka mwamba kabla ya kufuata korongo. Mstari wangu ulionyooka uliacha nje nusu ya migomba yetu, na upande wa pili ukameza sehemu ya shamba la jirani, mama mmoja ambaye ndiye peke yake angeapa kwa ajili yetu. Jirani huyo alimpigia mama simu siku hiyo hiyo. Nilimsikia bila kusogea karibu.

"Miti yangu ine ya avoka iko ndani ya karatasi yako! Tumelima pamoja tangu twiko babibi bapya, leo unaniibia kwa kalamu?"

"Dada, sikiliza. Ni mutoto amekosea."

"Mutoto? Yule wa université? Basi banamufundisha kuiba vizuri!"

Kapita naye alisema hawezi kumzuia mtu kupanda kwa sababu ya karatasi ya uongo. Wakati mama anaomba radhi kwa simu, barabara ikafungwa tena majuma matatu. Ilipofunguka, hakuniuliza kitu. Alifunga kitambaa kwenye goti, tukapanda pikipiki hadi Sake, kisha hadi mahali pikipiki ilipokataa, tukamalizia kwa miguu.

Mama alitembea mpakani mbele ya kapita na jirani, akitaja kila kitu kwa aliyekipanda: mgomba huu ni wa mama mkwe, ule tuliupanda mvua ilipobomoa nyumba ya jirani. Jirani alinuna mpaka kwenye mwamba. Hapo mama akasema, "Hapa njo ulianguka na mutungi wa pombe ya kasiksi ya harusi yangu," na jirani akashindwa kujizuia.

"Ulinisukuma!"

"Ulikuwa umeshakunywa nusu!"

Mipaka ikakubaliwa. Lakini maharagi yalikuwa yameshaota, majani mawili mawili, safi. Aliyeyapanda alisimama pembeni na jembe, mwanamke aliyekimbia kutoka Walikale. Angevuna yeye, hilo halikuwa na mjadala. Lililobaki lilikuwa moja: anayepanda kwenye shamba la mtu humtolea mwenyewe sehemu ya mavuno, mbele ya watu. Ukiipokea, shamba ni lako. Ukisamehe, umeliacha.

"Unanipa ngapi?" mama akamuuliza.

Mwanamke alitazama chini. "Niko na batoto batatu, Mama. Na mwengine iko mu tumbo."

Nilimsogelea mama. "Mama, umuache. Hana kitu."

"Nyamaza. Wewe ulishachora."

"Mikebe mbili," mwanamke akasema.

Mama alimwangalia tumbo, kisha mabega. "Moja. Mukebe moja tu. Lakini uilete wewe mwenyewe, hawa bote baone."

Kapita akainua sauti, kama inavyotakiwa. "Nani amesikia?"

"Nimesikia," akasema jirani.

Wote wakanigeukia, maana wanatakiwa mashahidi wawili. Nilitaka kuuliza ni nani kati yetu atakuwa bado yupo maharagi yakikomaa, na yule mwanamke ataenda wapi baada ya kuvuna. Mama alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, mwingine ukimuuma, akiningoja.

"Nimesikia," nikasema.