Raketi Haishikwi kwa Kushoto

"Mwezi mzima unapigana na ukuta, baba watoto! Tia basi na mkono wa kushoto."

"Hii raketi ndiyo itatulisha, mama. Umeona wapi mutu anatia wa kushoto mu sahani?"

Mfagiaji wa uwanja wa tenisi, kwenye kambi ya dhahabu ya Salamabila, anaubana mkono huo nyuma ya kiuno, anageuza bega, anapiga mpira kwa raketi, mgongo wa kiganja ukitangulia. Patron, bosi wa kambi, alimwahidi kazi ya kufundisha wanawe tenisi akiliweza pigo hilo. Ukuta umevimba mashavu. Mpira mmoja ulitua kijiji jirani cha Lusangi, ukaua jogoo. Leo mipira saba imenyooka. Mkewe anameza kicheko.

"Ongeza, basi!"

Geti linalia. Patron anaingia na bwana mwenye kaptula nyeupe.

"Mwalimu wa watoto ndiye huyu. Umuokotee mipira."