Mdudu Aliyeota kwa Siku Tano

Saa mbili asubuhi, Nasra Tahiri anafungua kabati la joto na kutoa chupa moja baada ya nyingine. Ndani ya kila chupa kuna chakula cha bakteria, kigumu na cha kijani, kilichopandwa makohozi ya mgonjwa wa kifua.

“Huyu bado,” anasema, akiirudisha chupa. “Huyu naye bado. Mdudu wa kifua kikuu hana haraka. Wiki tatu, wiki sita, anakuja kwa raha zake.”

Nasra, mwenye umri wa miaka 36, mzaliwa wa Usagara, ni mtaalamu katika maabara moja jijini Tanga. Kazi yake ni kuwatambua bakteria wanaotoka mapafuni: huyu ni nani, wa ukoo gani, dawa ipi inamweza. Kwa wiki hupokea sampuli zipatazo arobaini.

Mwaka jana alipokea ya Kombo Sadalla, fundi magodoro wa Nguvumali. Mzee huyo alikuwa amemeza dawa za kifua kikuu miezi sita, akaanzishiwa upya, na kikohozi kiko palepale. Darubini ilionyesha vijiti vyekundu, kama vya kifua kikuu. Nasra akaviotesha. Siku ya tano chupa ilikuwa imejaa.

“Nilisoma tarehe mara tatu,” anakumbuka. “Nikajiambia, huyu siye tunayemdhania.”

Wenzake walishuku maji ya bomba, kwani bakteria wanaofanana na wa kifua kikuu, ila wanaoota haraka, huishi humo na huweza kuingia kwenye sampuli. Ilibidi ipatikane sampuli mpya. Mzee akaitwa.

“Shikamoo baba. Samahani kukusumbua tena.”

“Marahaba mwanangu. Nimetema hapa mpaka nimechoka. Safari hii mwatafuta nini?”

“Jina lake,” Nasra akamjibu. “Huenda tumekuwa tukimwita kwa jina la nduguye.”

Sampuli mbili zaidi zikaota vilevile. Zikapelekwa Dar es Salaam kusomwa vinasaba, na majibu yakachukua wiki tisa. Ni bakteria wa ukoo wa kifua kikuu, lakini si kifua kikuu. Dawa zake ni nyingine, na kwa kawaida hatoki kwa mgonjwa kwenda kwa mtu wa nyumbani.

Hilo la mwisho ndilo lililomgusa Kombo. Mwaka mzima alikuwa akila peke yake, vyombo vyake vimetengwa, na mjukuu wake Chiku amekatazwa kumsogelea.

“Nilimwomba daktari arudie maneno yale mbele ya mke wangu,” anasema. “Jioni ile akaandaa sinia moja.”

Hajapona bado. Sindano za dawa mpya zimemwachia mvumo masikioni. Lakini kwa miezi mitatu sasa, makohozi yake hayaoti kitu.

Tangu hapo Nasra amepata wagonjwa wengine kumi wa namna hiyo. Watatu kati yao ni mafundi magodoro, wachambuaji wa usumba, nyuzi za makumbi ya nazi za kujazia magodoro, kama Kombo.

“Labda ni vumbi, labda ni maji wanayolowekea. Sijui, na kutojua huku kunaninyima raha.”

Oktoba anakwenda kusomea vinasaba, ili majibu yapatikane hapahapa Tanga. Kabla ya hapo anataka kuchota vumbi na maji kwenye karakana zote za Nguvumali, na Kombo amekubali kumtangulia.

“Nikienda peke yangu,” anasema Nasra, “watadhani nimekuja kuwafungia.”