Buluu Katika Maji Matupu

Kahonzi Chengo alizaliwa Ganze, akasomea kemia, na sasa miaka yake inaishia kwenye maabara moja mjini Kilifi, akioka unga. Unga wenyewe ni oksidi iitwayo perovskaiti, ya lanthani na chuma. Alitaka uwe kichocheo: maji ya visima vya mtaa wa Kisumu Ndogo, mjini humo humo, yaliyoingiwa na nitrati kutoka vyooni, yapitishiwe umeme, na unga uigeuze nitrati hiyo kuwa amonia, ile inayotengenezewa mbolea.

Unga baada ya unga ulimwangusha. Alipopunguza lanthani akatia metali nyingine, stronti, ndipo dawa ya kupimia amonia ilipogeuka buluu iliyokoza. Msimamizi wake, Dakta Thuku, alipiga simu huku na huku kuwapa watu habari.

Kahonzi hakumpigia mtu. Alirudia jaribio kwa maji yasiyo na nitrati hata chembe. Buluu ile ile ikatokea. Akakaa akiitazama.

Alibadilisha kifaa kimoja kimoja, mpaka akafikia utando unaogawanya chombo cha majaribio. Ulikuwa mkuukuu, ulikuwa umenyonya amonia kwenye majaribio ya mwenzao Jedida, na sasa ulikuwa ukiitema polepole.

"Dakta, ile amonia si yetu," alimwambia Thuku.

"Una hakika?"

"Maji matupu yanatoa rangi ile ile."

Thuku alivua miwani, akasugua macho. "Nimeshawaambia watu, Kahonzi."

"Najua. Niwie radhi."

"Huna kosa. Mimi ndiye niliyeharakisha. Nitawarudia niwaambie."

Utando mpya uliagizwa ng'ambo, ukakwama bandarini Mombasa hadi mvua za vuli zikapita. Kahonzi aliendelea kuoka, asijue anaokea nini. Mamake akipiga simu kuuliza kazi inaendaje, alijibu, "Inaenda," kisha akauliza habari za mahindi.

Utando ulipofika, maji matupu hayakugeuka rangi. Yenye nitrati yalishika buluu hafifu, kama shati lililofuliwa mno. Thuku aliinua chupa dirishani.

"Ni kidogo sana."

"Kidogo, lakini imetoka kwenye nitrati."

"Hebu rudia."

Alirudia, buluu hafifu ikaja tena. Alidhani angefurahi. Alichohisi ni kwamba angeweza kulala. Akaosha chupa, akatoka kununua viazi karai, akavila amesimama, maana angeketi, asingeinuka.