Walitaka Mama avue viatu

Leo mgeni amemwomba mama yangu avue viatu ndio apigwe picha.

Tuko nyumbani, Kiirua. Mama ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaojenga tangi la maji. Shirika moja limeahidi kututafutia wafadhili, na leo limemtuma dada mmoja na kamera.

Mimi roho yangu ilikataa mapema. Aliuliza habari za njaa mara tatu. Za tangi hakuuliza.

Halafu akasema, "Mama, vua viatu kidogo. Wafadhili wakiona hivyo watatoa haraka."

Mama akamwangalia. "Madam, mawe haya ya msingi wa tangi tumebeba sisi wenyewe. Hilo utaliandika wapi?"

Dada akampiga picha akiwa amesimama kwenye msingi, amevaa viatu vyake.

Nikaomba kuona kamera. Mle ndani nikamkuta nyanya yangu, amesinzia juani, mdomo wazi. Hakuna aliyekuwa ameombwa ruhusa.

"Futa hiyo," Mama akamwambia. "Na barua yenu ya kuomba pesa, mje mtusomee kikundi kizima kabla hamjaituma."

Amefuta. Amekubali kuja.

Lakini amekubali haraka mno, na barua hajasema itasomwa lini.

Jamani, ninyi mngemwamini?