Zulia Lililohamia Makote

Zulia letu lilikuwa jekundu, la manyoya marefu, lenye mashada meupe pembeni. Tulilinunua Masasi nilipohamishiwa huko kufundisha, nikitokea Singida, na kwa miaka kadhaa lilikuwa fahari ya sebule yetu. Kisha mtoto wetu wa pili akaanza kukohoa. Tulimpeleka hospitali ya Ndanda, na tabibu akatuuliza habari za kuni, za godoro, mwisho akauliza sakafuni tumetandika nini. Tulipomwambia, akasema vumbi la humo halitoki kwa ufagio. Tuliondoe tuone.

Kuliondoa kulikuwa kazi kuliko kulinunua. Mume wangu alitaka tulichome. Nilikataa, maana jirani mmoja alikuwa amechoma la kwake kwenye shimo la taka, moshi mweusi ukatukaa kooni mchana kutwa, na kesho yake shimoni kulikuwa na kitu kama lami iliyoganda. Kulifukia nako hakukunipa amani. Manyoya yale ni plastiki, hayaozi. Tulikuwa bado tunabishana mama mkwe alipokuja kututembelea kutoka Makote, Newala, akalikuta limeviringishwa kibarazani.

"Mnatupa zulia?" aliuliza. "Zima hivi? Nipeni mimi."

Nilifurahi sana. Niliona tumepata njia ambayo haimuumizi mtu.

Mama mkwe ni mjane. Nyumba yake inatazamana na ya wifi yake, dada wa marehemu baba mkwe. Wamezeeka pamoja, wakivuna korosho shamba moja na kuchota kisima kimoja cha maji ya mvua. Kule juu Newala maji ni mali, na kiangazi kikirefuka kila ndoo inayotoka kisimani ina macho yanayoisindikiza. Mama alilipenda zulia kiasi cha kulifua, na zulia la manyoya hunywa maji kama mchanga.

Wifi yake alisimama mlangoni akamwambia, "Wifi, sisi tunaoga kwa kopo, zulia lako linaoga kwa ndoo?"

Mama alinisimulia kwa simu akicheka, lakini nilisikia kwamba ameumia. Akaacha kulifua. Badala yake akawa analianika kwenye tawi la chini la mkorosho na kulipiga kwa fimbo, na mbuzi wake walikuwa wakishinda chini ya mkorosho huo.

Mbuzi wa kwanza alivimba tumbo, akaacha kula, akafa. Haukupita muda, wa pili akafuata. Mbuzi wa wifi yake, waliokuwa wakifungwa kamba ng'ambo ya shamba, hawakupatwa na kitu. Basi siku moja msibani, katikati ya wanawake waliokuwa wakimenya mihogo, mama akasema kwa sauti ya kusikika, "Kuna watu jicho lao lilianza kwenye ndoo zangu, sasa limefika kwa mbuzi."

Hakutaja jina, wala hapakuwa na haja ya kulitaja. Wifi yake aliweka kisu chini, akajifunga khanga vizuri, akaondoka.

Tulipofika likizo, tulimkuta mbuzi wa tatu amelala ubavu, anapumua kwa shida. Mume wangu akasema tumuwahi kabla hajafa kibudu, mama akakubali. Mume wangu akamchinja, na alipopasua tumbo, kisu kikagonga kitu. Akaingiza mkono, akatoa donge zito la majani yaliyosokotana na nyuzi. Akalisuuza kwa maji kidogo. Nyuzi zilikuwa nyekundu na nyeupe.

"Zangu hizo," mama alisema. "Zimeingiaje humo?"

"Mama, wamekuwa wakizila," mume wangu akamwambia.

"Mbuzi hawezi kula zulia."

Hata hivyo aliinuka, akaenda hadi mkorosho, nami nikamfuata. Upande mmoja mashada yalikuwa yametafunwa yakaisha, na chini mchanga ulikuwa umechanganyika na manyoya. Mama akainama, akaanza kuokota, uzi baada ya uzi.

"Mwalimu," aliniita bila kuniangalia, "nilimsema mtu mbele za watu."

Jioni hiyo aliniomba nimsindikize. Wifi yake alikuwa uani akipepeta mahindi, kuku wakimzunguka. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua uso. Mama akamweleza yote, la donge na la nyuzi, akaomba msamaha. Wifi yake alisikiliza mpaka mwisho.

"Nimesikia," alisema. "Ila siku ile ulinichafua penye watu. Leo umekuja kunisafisha penye kuku."

Mama aliaga, tukarudi. Arobaini ya msiba uleule ilipofika, alisimama mbele ya wanawake akasema alikosea, na kwamba kilichoua mbuzi wake ni zulia lake. Baadhi walimsikiliza, wengine walikuwa wameshaanza kupakua pilau. Siku hizi yeye na wifi yake husalimiana, huchota maji kwa zamu, lakini hawali tena sahani moja.

Nilitaka turudi na lile zulia Masasi. Mama akaniuliza, "Mtalipeleka wapi?" Basi tulikata mashada yote, tukazungushia kingo pindo la kitenge cha zamani ili nyuzi zisichomoke. Linakaa chumbani kwake. Akilikung'uta hutandika turubai chini, halafu hukusanya kila kinachodondoka na kukitia kwenye mfuko mtupu wa salfa, dawa ya unga ya mikorosho. Mbuzi hafugi tena.

Sisi nyumbani tunatandika mkeka wa ukindu juu ya saruji. Mtoto anakohoa kidogo kuliko zamani, ingawa bado anakohoa. Rafiki zangu wakiniuliza kuhusu mazulia, nawaambia kama si la lazima usinunue, na kama unalo, litunze lidumu, maana siku ya kuachana nalo ndiyo ngumu.

Mfuko wa kwanza wa salfa ulipojaa, mama aliutuma Masasi niutupe. Niliubeba mpaka jalalani. Nilikuta mbuzi wa mjini wamepanda juu ya taka, wanatafuna mifuko. Nikarudi nyumbani na mfuko wangu. Uko stoo, nyuma ya majembe, na wiki iliyopita mama alipiga simu kusema wa pili unakaribia kujaa.