Karani Asiye na la Kujibu

Mkalimani alisimama, akajifuta midomo kwa leso, akanisomea kwa Kiswahili yale jaji aliyoyasema kwa Kizungu. Alisema korti imeyasikia maneno yangu yote. Imeona kuwa sikuvunjika mfupa, sikutoka damu, wala sikulazwa hospitali. Imeona kuwa mume wangu yu hai, na yuko pale nyuma ameketi kwenye benchi. Alisema huzuni peke yake, bila ya mwili kudhurika, sheria haina mizani ya kuipima. Kwa hivyo madai yangu yametupwa, na karani wa ofisi ya meli hana la kujibu.

Nikamwuliza, "Hana la kujibu, au hataulizwa?"

Mkalimani akakunja karatasi yake. "Mama, hapa ni mamoja," akasema.

Karani akainuka. Akaziweka sawa kalamu zake mbili za mfukoni, akapita mbele yangu kama apitaye njia, akanitolea salamu. Nami nikamwitikia. Salamu ni lazima iitikiwe, ndivyo nilivyolelewa, na mdomo wangu ulimwombea amani kabla moyo haujaukataza. Hukumu iliniuma, lakini kile kiitikio changu kiliniuma zaidi, na mpaka leo nikikikumbuka naona uso wapata moto.

Wakati ule ulikuwa wa vita. Mimi nalikuwa kijana, nakaa Mji wa Kale, mtaa wa Kuze, natunga kofia. Sikusoma skuli. Nilisoma chuoni, nikahitimu Kurani, nikajua kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kama wanawake wenzangu wa mtaani. Hizi herufi za Kizungu nimejifunza ukubwani, kwa hasira, na sababu ya hasira hiyo utaiona.

Mume wangu alikuwa mtia makaa katika meli za mizigo. Alipoondoka safari ile nilikuwa na mtoto mchanga wa kike. Wake za mabaharia tulikuwa na desturi yetu. Barua za waume zetu hazikuja majumbani, zilikuja ofisini kwa meli, upande wa Mbaraki, na karani wa ofisi ndiye aliyezileta mitaani au akazipa mtu azilete. Sisi hatukwenda ofisini. Mwanamke wa mji hakwenda kusimama dirishani mbele ya makuli na manahodha kuulizia barua ya mumewe. Angeonekana hana haya. Tulingoja majumbani.

Karani yule ni mtu wa mji huu huu. Jina lake nalijua, na la baba yake. Aliyenisaidia kusahihisha maandishi haya kaniomba nisilitaje, nami nimekubali kwa shingo upande. Basi nitasema hivi: ni yule aliyekuwa akivaa kalamu mbili mfukoni, moja haina wino, na aliyekuwa akiketi safu ya mbele msikitini kwetu. Wa Kuze watamjua.

Alikuja asubuhi, baada ya watu kutoka sokoni. Alibisha hodi, akasimama nje ya mlango, mimi nikasimama nyuma ya pazia. Akasema meli imezama, walioandikwa ndani yake hapana aliyeokoka, na mume wangu kaandikwa ndani yake. Akapitisha karatasi chini ya pazia, na kile kibati cha wino, nitie dole gumba. Nilimwambia naweza kuandika jina langu. Akasema, "Dole latosha, bibi."

Nikatia dole.

Basi nikawa mjane. Mume wangu akasaliwa sala ya maiti asiyekuwepo. Matanga yakawekwa. Siku ya tatu ikasomwa hitima, na karani akaja, akala pilau yangu, akanywa kahawa yangu, akawaambia watu barazani ya kuwa marehemu alikuwa mtu mwema. Nikavaa nguo nyeupe, nikaingia eda: miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, bila wanja, bila asumini, bila kuonana na mwanamume asiyekuwa maharimu yangu. Nguo za mume wangu nikazitoa sadaka. Koti lake la buluu, ambalo nilikuwa nimelitia kiraka cha kiwiko kwa kitambaa cha pazia, alipewa hamali mmoja anayesukuma mkokoteni wa maji.

Sikupiga kelele. Wanawake waliokuja kunipa pole waliniketisha katikati, na mmoja wao, mkunga aliyenizalisha, alinishika mkono akaniambia taratibu, "Subira, mwanangu. Usimpandishie Mola wako sauti." Kwetu kulia kwa machozi ni rehema, kulia kwa ukelele ni makosa. Nilimeza. Kila aliyeniuliza hali nilimwambia, "Njema, alhamdulillahi." Nilikuwa nikisifiwa. Walisema mke wa fulani ana imani, hebu mtazameni alivyotulia.

Katika kule kutulia maziwa yakakatika. Hayakupungua siku kwa siku. Yalikatika kama mtu aliyefunga bomba. Mtoto alinyonya, akalia, akaniuma. Mkunga alinikanda, akaninywesha uji wa pilipili manga, akajaribu kila alijualo. Mwishowe tukampa mtoto maziwa ya mbuzi, tumbo likamvimba, shingo ikawa kama ya kifaranga. Daktari sikumwona. Hospitali daktari alikuwa mwanamume, na mimi ni mtu wa eda. Sasa najua kwamba ugonjwa ungeniruhusu kutoka. Wakati ule hapana aliyeniambia, wala sikuuliza.

Na mikono ikaanza kutetemeka. Nikishika sindano, uzi haupiti. Nikitunga, vile vitobo vidogo vya kofia, ambavyo watu walikuwa wakinisifia, vikatoka vimepinda.

Nalikuwa katika mwezi wa tatu wa eda mume wangu aliporudi. Alishuka Kilindini mchana, akaja kwa miguu. Njiani akaliona koti lake linasukuma mkokoteni. Akamsimamisha yule hamali, akamwuliza kalipata wapi. Hamali akamwambia ni la marehemu, baharia wa Kuze, Mungu amrehemu. Mume wangu akaitikia amina. Alisema alipiga hatua kumi ndipo akili ikamjia, akarudi mbio kumwuliza huyo marehemu ni nani.

Akaja mlangoni akapiga hodi. Niliisikia sauti ya mwanamume nikainuka nikakimbia chumbani, nikajifungia, kwa sababu ya eda. Nilimkimbia mume wangu mwenyewe. Mkunga ndiye aliyefungua. Nikamsikia mkunga akisema, kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Ingia, baba. Umechelewa kufa."

Tulicheka siku ile. Sisemi hatukucheka. Mtaa wote ulikuja kumshika mikono, waone kama yuko kweli.

Kumbe alishikwa na homa ya mapafu Bombay, akateremshwa, akalazwa hospitali, meli ikaenda zake bila yeye. Siku alipoweza kuketi, alimwomba Mswahili mwenziwe aniandikie barua, kwa herufi za Kiarabu ili niisome mwenyewe: nimeachwa Bombay, ni mgonjwa lakini naendelea vizuri, usiwe na wasiwasi. Akaituma ofisini kama desturi.

Alikwenda kuiulizia. Ikatolewa mtotoni mwa meza, yaani droo, chini ya makaratasi. Haijafunguliwa. Juu yake ilipigwa mhuri wa siku iliyofika, na siku hiyo ilikuwa siku tisa kabla ya karani kuja kubisha hodi kwangu. Mume wangu alimwuliza, karani akasema barua za herufi za Kiarabu si za kiofisi, yeye huziweka kando mpaka wenyewe waje waziulize.

Wenyewe waje waziulize. Naye alijua kuwa sisi hatuji.

Tangu siku hiyo sikuweza kukaa. Mume wangu akitoka kwenda sokoni, chakula hakinishuki mpaka arudi. Mtu akibisha hodi, nakimbilia chumbani. Nikamwambia nataka kushtaki.

"Mimi ni mzima," akasema. "Weye wadai nini?"

"Wewe ulikuwa mzima siku zote. Mimi ndiye niliyefiwa."

Hakupenda. Alikuwa akitaka safari nyingine, na safari hutolewa na ofisi ile ile. Ofisi nayo ikaleta gunia la sukari, wakati ambao sukari ilikuwa ya kadi na watu wakinywa chai kwa tende. Mleta gunia akasema ni zawadi ya kumpongeza baharia, bora mambo yaishe. Nilimwambia alirudishe. Mume wangu alilitazama gunia likitoka mlangoni kama anayetazama jeneza. Lakini hakunizuia, na hilo namshukuru.

Nilimpata wakili, Muhindi Muislamu, ofisi yake juu ya duka la vitambaa. Aliniambia wazi kuwa sheria za Waingereza kwa jambo hili ni nyembamba: mtu akikuletea habari ya uwongo ukaugua, waweza kumdai, lakini lazima ugonjwa uonekane mwilini. Akaniuliza nataka nilipwe nini. Nilimwambia nataka yule mtu asimame aulizwe kwa nini hakunipa barua yangu, na jibu lake liandikwe. Akanitazama sana, kisha akasema mama yake angeniunga mkono. Akanipa onyo moja tu: "Bibi, ukiulizwa hali yako pale kortini, sema mbaya."

Nikamwahidi.

Siku ya kesi nilisimama kizimbani na buibui langu. Wakili wao, Mzungu mpole, akainuka na jambo la kwanza akaniuliza kwa kinywa cha mkalimani, "U hali gani leo, mama?"

Nikajibu, "Njema, alhamdulillahi."

Lilitoka lenyewe. Mombasa hii hata aliye kwenye kitanda cha mauti humwambia mgeni njema kwanza, ndipo amweleze wapi paumapo. Jaji akaandika. Niliiona kalamu ikienda.

"Siku ulipoletewa habari, ulipiga kelele?"

"La."

"Hukulia?"

"Machozi yalinitoka. Kwa sauti, la."

"Waliokuja kukupa pole uliwaambia nini?"

"Niliwaambia alhamdulillahi."

"Ulimshukuru Mungu."

"Kwa kila hali."

Akamgeukia jaji, akainua mikono kidogo. Nyuma watu wakacheka, na baadhi yao ni watu niliowajua, ambao siku ya matanga walinisifu kwa utulivu huo huo. Nilitaka kueleza. Nikaambiwa nijibu nilichoulizwa tu.

Mkunga akaja akaeleza habari ya maziwa, neno kwa neno, na alikuwa mwanamke aliyezalisha nusu ya mtaa. Akaulizwa cheti chake kiko wapi. Hana. Maneno yake yakawekwa kando kama barua yangu. Wakili wangu akatoa kofia mbili, moja niliyotunga kabla na moja baada, ili vitobo vionekane vilivyopinda. Jaji akazichukua, akazigeuza, akaitazama ile ya pili kwa muda mrefu. Mkalimani akaniambia baadaye alichosema: kwamba ni kazi nzuri sana ya mkono.

Kisha wakili wao akasema hata kama yote niliyosema ni kweli, hakuna dhara linalotambulikana na sheria, kwa hivyo hakuna haja ya karani kusumbuliwa. Jaji akakubali. Ndivyo ilivyokuwa. Mimi niliulizwa kulia kwangu na kumshukuru Mungu wangu, na kifua changu kikatajwa mbele ya wanaume. Yeye hakuulizwa hata jina. Alikaa kwenye kiti chake na kalamu zake mbili mpaka ikaisha, akaja akanitolea salamu.

Mume wangu hakupewa safari tena. Aliuza samaki wa kukaanga mpaka alipofariki, safari hii kweli, mikononi mwangu, nami nikakaa eda yangu ya pili kwa mtu yule yule. Yule mtoto wa shingo ya kifaranga ana watoto wake. Mimi nilijifunza herufi za Kizungu kwake, tukikaa pamoja na kitabu chake cha skuli, kwa kuwa nilitaka niandike jambo ambalo karani hawezi kusema hakuweza kulisoma.

Sasa umelisoma, karani. Najua uko Tudor, umestaafu, wajukuu wako wanakusomea magazeti. Jaji alisema huna la kujibu kwa sheria ya Waingereza. Jaji yule amerudi kwao, na mimi siulizi kwa sheria yake. Kila siku baada ya alasiri mlango wangu uko wazi, ule ule ulioupitishia karatasi chini ya pazia. Pazia nimeliondoa. Njoo usimame hapo mbele ya mwanangu. Usinitolee salamu kwanza, kwani safari hii sitakuitikia mpaka umeshasema.

Barua ilikuwa na jina langu juu yake. Ulikuwa nayo siku tisa kabla ya kubisha hodi kwangu. Ulikula hitima ya mtu ambaye barua yake iko mezani kwako. Kwa nini hukunipa?